Uzi wa Sikio la Kushoto

Mpaka leo siwezi kula maharagwe yaliyoungwa kwa mawese bila kugusa sikio langu la kushoto. Mkono huenda wenyewe. Binti yangu ameshaizoea tabia hiyo na huniigiza tukiwa tunakula, akishika sikio huku amekunja uso kama mzee mwenye jino bovu, nami humwacha acheke kwa sababu hajui anachokicheka. Sikio lenyewe lina kovu dogo, gumu kama punje ya mchele, mahali ambapo palipaswa kuwa na tundu. Mimi ninayewatoboa watu masikio kwa kazi, ninayewahubiria wasichana wa hapa kambini Dzaleka habari za sabuni na maji ya chumvi mpaka wananiona kero, nina tundu moja tu. Wateja wapya hunitazama mara mbili.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Kabla ya hapo nilikuwa na matundu mawili kama watoto wote wa kike wa kwetu Bukavu, niliyotobolewa nikiwa mchanga, nisikumbuke hata maumivu yake. Tulipoondoka, baba alitusindikiza mpaka mahali pa magari akasema, "Mutangulie, mi niko nyuma yenu." Njiani mama alinitoa vile vihereni vyangu vya kitoto, vikapotea sijui wapi. Hereni zake mwenyewe, mbili ndogo za dhahabu alizopewa na mama yake siku ya kuolewa, alizishonea ndani ya pindo la blauzi. Tukafika Malawi. Miezi ikapita, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyatazama masikio ya mtoto. Siku moja nikiwa naoga nilipitisha vidole nikakuta matundu yameziba. Baba naye alikuwa bado hajafika, na hakufika tena.

Mtu mzima angesema ni mambo mawili yaliyotokea wakati mmoja, basi. Mimi niliyaunganisha. Sikumwambia mtu, kwa sababu kwangu halikuwa jambo la kuelezwa. Lilikuwa wazi kama vile jua huwaka mchana. Nilikuwa nimeyaacha matundu yazibe, na baba akakosa kurudi.

Kwa hiyo mama alipopata kazi ya kushona sare za shule kwa fundi mmoja wa Chilinde, kule Lilongwe, na kuniambia kwamba ataondoka kwa majuma mawili, jambo la kwanza nililomwomba ni anitoboe masikio. Alishangaa. Alidhani ni urembo umenianza mapema. Alicheka akasema mtoto wake ameota ubibi harusi, kisha akakubali, maana alijiona ana hatia kwa kuondoka na angekubali lolote.

Alinitoboa alasiri, mlangoni petu, siku moja kabla ya safari. Alishika sindano yake ya kushonea juu ya moto wa mbaula, jiko letu la mkaa, mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe bila kuiweka chini. Uzi ulikuwa mweusi, wa kushonea nguo, ameukunja mara mbili na kuuchovya kwenye mawese aliyopewa na jirani. Aliminya ncha ya sikio kwa kucha mbili mpaka nikaacha kuisikia.

"Usitingizike, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita akiwa na upole, mama. "Ukitingizika, tundu itaenda kombo."

Sikutingishika. Nilisikia sindano ikipita kama mtu anayetoboa ngozi ya embe, kisha uzi ukiteleza na harufu ya mawese ikashuka shingoni. Alifunga kila uzi kifundo, ukawa kama pete ndogo nyeusi inayoning'inia. Akanishika kidevu.

"Sasa usikilize. Hii uzi usiitoshe sikioni mupaka mi nirudie. Mi mwenyewe njo nitakuvalisha hereni. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kisha akafanya jambo lililonikaa moyoni kuliko maneno yake. Alitoa zile hereni zake za dhahabu, akaziweka katika kikopo cha bati cha mafuta ya kujipaka, akasema hizo ndizo nitakazovaa mimi. Yeye akavunja njiti mbili za ufagio, akazikata fupi, akazichomeka masikioni mwake ili matundu yasizibe. Asubuhi alipanda kabaza kwenda barabarani akiwa na njiti masikioni, mgongo wake ukiruka kila baiskeli ilipopita kwenye shimo. Hakuwa amevaa kitu cha dhahabu, lakini mimi nilikuwa nimefungwa uzi, na ncha ya pili ya uzi huo niliamini iko kwake.

Nilibaki kwa Mama Espérance, jirani yetu Mrundi, mjane, muuza mawese na samaki wakavu pale sokoni kambini. Alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya soko na mikono mizito iliyonukia samaki hata siku ya kanisa. Nilimwogopa kidogo. Lakini katika jambo la masikio alikuwa mkali kuliko mama. Asubuhi na jioni alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kunigusa. Alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yawe vuguvugu, kisha akachovya kitambaa safi na kukilaza sikioni mpaka ukoko ulainike. Hapo ndipo aliposogeza uzi, kidogo tu, taratibu.

"Bantu wengine banavutaka uzi ikiwa mukavu," alinung'unika. "Njo banapasua kidonda kila siku, kisha banasema ni uchawi."

Majuma mawili yalipita vizuri. Lakini mama hakurudi. Alituma salamu kwa simu ya mtu kwamba sare zimekuwa nyingi, aongezewe siku. Jioni hiyo Mama Espérance aliniangalia masikio akaridhika.

"Kidonda imetulia. Sasa huu uzi umemaliza kazi yake, utaanza kushika uchafu. Tuutoshe, tuweke kijiti."

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Nilisema hapana. Nilisema nitafanya mwenyewe, nimeshajua, nina mikono. Alidhani naogopa maumivu, akacheka kicheko chake cha sokoni, akaniacha. Alikuwa na kazi nyingi na mimi nilikuwa na umri wa kutumwa maji na kuosha vyombo, kwa nini nisioshe sikio langu?

Sikuliosha. Hapa ndipo ninapojionea aibu nikisimulia, maana wateja wangu nikiwakuta wamefanya nusu ya niliyoyafanya mimi huwasema mpaka machozi. Niliogopa kwamba maji ya moto yatalegeza kifundo, kwa hiyo niliacha maji. Nilikumbuka kuwa mama aliutia uzi mawese, nikaona mawese ndiyo dawa ya kumrudisha. Mama Espérance alifungia mafuta yake ya kuuza, basi nikawa nachota kwa kidole mafuta yaliyoganda juu ya maharagwe ya jana, yenye kitunguu na chumvi na siku nyingine pilipili, nikajipaka. Nikazungusha uzi mkavu, mara kumi na nne, moja kwa kila siku ya yale majuma mawili. Sikio la kulia lilinivumilia, sijui kwa nini. La kushoto likaanza kuwasha, kisha kupiga kama moyo mdogo, kisha likavimba mpaka uzi ukazama ndani ya nyama.

Nikaanza kuvaa kitambaa kichwani. Nilisema ni mtindo. Shuleni nilikaa kando ya ukuta ili upande wa kushoto usionekane, na nililala kwa ubavu wa kulia tu. Mama Espérance aliponiuliza kama nimeosha, nilisema ndiyo, na nilisema vizuri, kwa sauti ya mtoto mtiifu. Maumivu yalikuwa makali, siwezi kuyapunguza. Lakini kila yalipozidi nilijiambia kuwa uzi unavuta, na kama unavuta, basi upande wa pili yuko mtu.

Ijumaa moja nilirudi kutoka bombani na ndoo, nikamkuta Mama Espérance amechuchumaa mbele ya mbaula na kisufuria kidogo cha chai. Nilichungulia nikitarajia chai. Chini ya maji yaliyokuwa yakitokota, hereni mbili za mama zilikuwa zikirukaruka.

Alikuwa akizipika. Hivyo ndivyo nilivyoona. Kile kikopo cha bati kilikuwa wazi kando ya mguu wake, na pakiti ya chumvi, na kitambaa cheupe amekitandaza kama mtu anayesubiri mgeni. Mama alisema ni yeye mwenyewe atakayenivalisha. Ikiwa mtu mwingine anazitayarisha, basi huyo mwingine ana habari. Watu wazima walikuwa wameambiwa kwamba mama haji, na wamekubaliana wanivalishe haraka haraka nisiulize. Niliona yote hayo ndani ya kisufuria kile, na nikakipiga teke.

Maji yaliruka, Mama Espérance naye akaruka, mwili mzito vile, akipiga kelele kwa Kirundi. Hereni zikazama kwenye majivu. Nilipogeuka kukimbia alinidaka kwa kitambaa cha kichwani, kitambaa kikamjia mkononi, na harufu ikatoka. Nadhani harufu ndiyo iliyomnyamazisha. Alinigeuza kwenye mwanga.

"Mana yanje," alisema polepole, akimwita Mungu wake kwa Kirundi. "Mana yanje. Mutoto, juu ya nini haukusema?"

Nilingoja kofi. Halikuja. Alinibeba mgongoni, mtoto wa miaka tisa mwenye miguu iliyofika karibu na magoti yake, akanipeleka zahanati hivyo hivyo, watu wakitutazama, hereni za mama zimebaki majivuni.

Muuguzi alikuwa Mmalawi, dada kijana mwenye mikono baridi. Alisema, "Pepani, pepani," kila alipogusa, na kweli alionekana kusikitika. Aliniwekea kitambaa cha maji ya chumvi kwa muda mrefu mpaka ukoko ukalegea na usaha ukaanza kushuka. Kisha akachukua mkasi mdogo. Nilipouona, nilisahau kwamba hajui Kiswahili.

"Usikate! Usikate, mama hatarudi! Baba hakurudi juu masikio iliziba! Usikate!"

Muuguzi alimtazama Mama Espérance amweleze. Mama Espérance alikuwa amenishika kichwa kwa mikono yote miwili, na nilihisi mikono ile ikilegea kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiyemtarajia. Kisha akanibana kifuani kwake, uso wangu ukiwa kwenye kitenge chenye samaki na mawese, akamwashiria muuguzi akate.

Nilisikia mkasi. Ni sauti ndogo sana. Nililia kilio ambacho sijawahi kulia tena, hata siku tulipomzika mama.

Muuguzi aliposafisha upande ule, alitaka kuukata na uzi wa kulia. Hapo Mama Espérance alimzuia kwa kiganja. Alijua Chichewa cha sokoni, akakitumia chote. Sikuelewa kila neno, lakini nilielewa kwamba anabembeleza, yeye ambaye sikuwahi kumwona akimbembeleza mteja. Muuguzi aliligeuza sikio la kulia, akaliminya, akalinusa, akaridhika kwamba ni zima. Akamwambia: siku tatu, si zaidi, na aoshwe na mtu mzima. Tukapewa dawa za kumeza.

Nje, Mama Espérance aliniinamia. "Huyu moja tumemubakisha," alisema. "Mi njo nitamulinda, si we. We kazi yako imeisha." Kisha akaazima simu ya mtu kwenye foleni.

Mama alifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nilimwona tangu mbali akitembea haraka na mfuko begani, bado ana njiti za ufagio masikioni. Sikumkimbilia. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika sikio la kulia, na aliponifikia nilianza kujitetea kabla hajasema.

"Mama, moja balikata. Mi nilikataa. Lakini hii nimeichunga, unaona? Sijaitosha."

"Moja gani, mama?"

"Uzi. Ulisema nisitoshe mupaka urudie."

Alinitazama, akamtazama Mama Espérance, akanitazama tena. Aliona bandeji. Niliona akitafuta kichwani mwake, kwa bidii, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda, na asipate kitu.

"Mi nilisema vile?" aliuliza.

Alikuwa amesahau. Kwa miaka mingi nilimkasirikia kwa hilo. Nilikuwa nimeyabeba maneno yake hadi nyama ikaoza, naye aliyasema kama unavyomwambia mtoto asicheze na moto, akapanda kabaza, akashona sare za watoto wa watu na asiyafikirie tena. Zile hereni mama mwenyewe ndiye aliyempigia simu Mama Espérance azichemshe na kunivalisha, akisema mtoto asingojee, atavaa lini. Ilikuwa ni huruma yake iliyokuwa ikitokota kwenye kile kisufuria. Sasa na mimi ni mama, na ninajua ni maneno mangapi humtoka mtu kutwa, na mengi yao hayana ncha ya pili.

Mama Espérance ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache, habari ya baba na matundu. Mama aliketi pale pale mlangoni. Alilia bila sauti, amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Kisha akainuka, akanawa mikono kwa sabuni, akachemsha hereni upya kwa kuwa zilikuwa zimeokotwa majivuni, akazikausha kwa kitambaa safi. Alilainisha uzi wa kulia kwa maji, akaukata mwenyewe, na hereni ikaingia bila hata kuuma. La kushoto muuguzi alisema lisiguswe mpaka lipone kabisa, na hata likipona, si pale pale penye kovu. Ikabaki hereni moja. Mama aliishika kwenye mwanga, akachomoa njiti ya sikio lake la kushoto, akaivaa.

"Tugawane," alisema.

Alirudi Chilinde Jumanne, maana kazi ilikuwa kazi, na mimi nilijua nitamwona Jumamosi ya pili yake kwa sababu alinitajia na akaja. Wakati mwingine alichelewa siku moja, mbili. Nililia mara ya kwanza. Mara ya tatu nilikuwa nje nacheza na sikumwona akiingia. Sikio la kushoto lilipopona aliniuliza kama nataka tundu jipya, nikasema la, naye akaendelea kuvaa moja mpaka mwisho. Pale Kawale, mtaa mwingine wa Lilongwe alipohamia baadaye na cherehani yake mwenyewe, wateja walidhani ni ushamba wa wakimbizi.

Akina mama waliomwosha alipofariki walinipa ile hereni ikiwa imefungwa kwenye pamba. Nilikaa nayo mfukoni miezi kadhaa.

Binti yangu alitimiza miaka saba, akataka masikio. Nilimtoboa kibandani kwangu kwa sindano mpya ya kazi, nikamvisha vipini vya chuma safi, si uzi. Nikamwosha kila siku, nikangoja majuma yote yanayopaswa kungojwa, ingawa alinisumbua kila asubuhi. Matundu yalipopona sawasawa nilichemsha hereni zote mbili pamoja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mama Espérance, ambaye binti yangu humwita Koko kama bibi yake wa damu, alikuja na kigoda chake kutazama. Amezeeka, samaki ameacha, sauti hajaiacha.

"Leo usipige teke," alisema. "Miguu yangu haiwezi tena kuruka."

Juma hilo hilo ilinibidi kwenda Lilongwe siku mbili kutafuta nywele za kusuka. Nilikuwa mlangoni na mfuko begani. Binti yangu alikuwa amemwegemea Koko, akizigusagusa hereni kwa kidole, nikamwambia asiguse bila kunawa. Akashusha mkono.

"Mama, nisizitoshe mupaka urudie?"

Niliweka mfuko chini. Mama Espérance alikuwa akitazama pembeni, barabarani, kama mtu asiyesikia, na anasikia kila kitu.

"Zikikuwasha, ao zikivimba, umwambie Koko siku ile ile," nilisema. "Akizitosha, azitoshe. Tundu ikiziba, izibe. Mi nitarudia tu."

Alinitazama kwa makini, akilipima jambo.

"Sawa," alisema. "Sasa utaniletea mandasi?"